Mila ya Beldina

Mtu akitaka kukufungia mlango bila kuonekana mbaya, anasema "ni mila". Mila ni neno zuri. Ni njia za wazee: za kuoa, za kuzika, za kumpa mtoto jina. Lakini huku Kericho, kwenye kambi yetu ya wachuma chai, mwaka ule nzige walipopita, nilianza kulichukia.

Jirani yangu Beldina alitoka huko ziwani na mumewe Okeyo, wakaja kuchuma chai. Malaria ikamchukua Okeyo kabla hawajapata mtoto. Ndugu wa marehemu, Okello, akaja kumrithi kama ilivyo desturi yao. Beldina akamwambia, "Shemeji, mimi ni mtu wa kanisa. Rudi kwa mke wako." Okello akatema mate. "Mwacha mila ni mtumwa," akasema, akaenda zake.

Kwao, mjane asiyerithiwa haingii nyumba ya mtu wala hashiki mtoto wa mtu. Akifanya hivyo, wanasema mtoto atadhoofika. Basi milango yote ikafungwa. Hata rafiki yake Akeyo, waliyebatizwa naye siku moja, alikuwa akimsalimia kutoka ng'ambo ya uwanja. Jumapili wanaimba pamoja, Jumatatu "ni mila". Wanafiki wakubwa! Jioni ungemsikia Beldina akiongea na sufuria yake.

Mimi Nyatichi ni Mgusii, mila hiyo hainihusu. Siku moja mvua ya mawe ilitukuta tukitoka shambani. Nilikimbilia kwangu, kugeuka nikamwona Beldina amesimama nje, amejifunika kikapu cha chai kichwani.

"Ingia, wee! Utakufa!"

"Una Jerusa mchanga humo ndani, Nyatichi."

"Si ulimwambia Okello wewe ni mtu wa kanisa?"

"Nilimkataa Okello. Lakini mtoto wako, je, kama wazee walisema kweli?"

Akapigwa na mawe yale mpaka yakaisha. Kisha akasema, "Mwinue nimwone." Nikamwinua Jerusa pale mlangoni. Akacheka naye kutoka mbali, akamwita "binti yangu", "mama yangu". Ikawa ndiyo kawaida yetu kila jioni. Nilijua alichokitamani: kumbeba mtoto yule, hata mara moja tu.

Jerusa alipoanza kutembea, alivuka mlango mwenyewe, akamwendea Beldina moja kwa moja, mikono juu.

"Mshike!" nikapiga kelele. "Amekuja mwenyewe, hujaingia kwa mtu!"

Beldina akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa nyumba yake, mikono ameificha nyuma. Jerusa akaanguka kwenye matope, akalia. Nikaenda kumwokota mimi, machozi ya hasira yananitoka.

Beldina naye alikuwa analia. "Pole, mama, pole," alikuwa akimwambia mtoto, na mikono bado iko nyuma.