Nusu Debe la Mbegu

Apeni kwanza kwamba haitoki hapa, ndipo niseme. Haya.

Mwanzo wa mvua tulikuwa foleni ya sukari, duka la kijiji, Karatu. Mama mmoja mkulima kakumbatia debe la mahindi ya mbegu, ndilo pekee alilobakiwa nalo. Anakaa, anasimama, anatazama mlima Oldeani. Mawingu yanakuja, upepo unayafukuza. Mbele yetu yupo yule kijana mtaalamu wa hali ya hewa. Mama akamuuliza,

"Baba, nipande leo?"

Kijana akafuta miwani. "Mama, huenda ikanyesha. Sina hakika."

Tulicheka mpaka kanga ikanidondoka! "Kasomeshwa kote huko aje kutuambia huenda?"

Mama akamgeukia shehe wa kijiji, naye yumo foleni. Shehe akavuta tasbihi. "Mungu akipenda, itanyesha."

Wote tukaitikia amina, hata sisi Walutheri! Jamani, si wote wawili wamesema hawajui?

Mama machozi yanamlenga. "Sasa nipande, au nisage ili watoto wale?"

Shehe akamuuliza kijana, "Ingekuwa mbegu yako?"

"Ningepanda nusu, nusu nikaweka."

"Basi mama, fanya hivyo."

Mvua ikaja, ikakata, miche ikanyauka. Iliporudi akapanda ile nusu nyingine, na leo mahindi yamemfika kiunoni. Karatu nzima inasema shehe ana elimu!

Mke wa shehe ndiye kaniambia: mumewe amechoka kueleza kwamba maneno yalikuwa ya kijana. Kila akikana, watu wanasema, "Mnaona alivyo mnyenyekevu?"