Weusi Mwisho wa Mstari

Siku ya kwanza kazini, Iringa, nilivaa viatu vya shangazi. Shule niliishia darasa la saba, lakini vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko vya wenye vyeti. Msimamizi wa Simu, mzee mkali, alinikalisha mbele ya teleprinta, mashine ya telegramu: mwenzako anapiga herufi Mbeya, kwako zinajichapa zenyewe kwenye karatasi. Akaniambia, "Binti, ulichokiona kiandike. Usichokiona, uliza. Ukibuni, unaua."

Nilikohamishiwa, Mbeya, walibuni. Neno likichafuka, walilijaza kwa akili, wakauita huo ujuzi. Nami nikaiga, sidanganyi.

Kisha akaja fundi kutoka Dar es Salaam akatubadilishia kifaa cha ndani ya mashine. "Sasa itakimbia kama swala," akasema, akaondoka zake. Tangu hapo kila mstari mrefu uliishia kwenye weusi, kama inzi aliyepondwa. Siku tatu tukaujaza kwa akili.

Siku ya nne, asubuhi, mganga wa zahanati moja ya Chunya alisimama dirishani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameacha mtoto mahututi kule, akaja kumuuliza daktari wa Iringa kipimo cha dawa. Jibu likaingia. Mstari ulimalizika hivi: KIDONGE KIMOJA KWA SIKU MARA. Halafu weusi.

"Dada, lori linaniacha," mganga akasema. Nje honi ililia.

Mkuu wa Ofisi akachungulia. "Andika tatu. Dawa ni kutwa mara tatu, hata ng'ombe anajua."

Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Nikaiweka chini. "Mzee, mimi tatu siioni. Naona mavi ya inzi."

"Unanifundisha kazi? Lori likiondoka, huyo mtoto ni wako!"

Nikamwambia mganga, "Kaka, kamshike dereva, hata kwa shati."

Nikaipigisha mashine tarakimu tupu, moja mpaka sifuri, tena na tena bila kushuka mstari, kisha nikahesabu kwa kidole. Sitini na tisa zilitoka safi. Ya sabini na wenzake zilirundikana palepale, moja juu ya nyingine. Nikaelewa: kifaa kipya kimefupisha mstari wetu, na Iringa bado wanapiga ule mrefu wa zamani.

Nikawapigia: HERUFI SITINI KISHA SHUKENI MSTARI. RUDIENI YA DAKTARI.

Mashine ikanyamaza. Honi ikalia tena. Nikasali kwa Kihehe. Ndipo ikatetemeka: MARA MOJA TU. DAWA KALI.

Mganga alitoka mbio. Mkuu alirudi chumbani kwake. Mtoto alipona, nililetewa jogoo.

Lakini mimi nilishazitoa kabatini nakala za telegramu za zile siku tatu, nikawaomba Iringa warudie kila yenye weusi. Zote tulizirekebisha isipokuwa moja, ya mtu wa Rujewa, ambayo fomu ya mtumaji ilipotea kule Iringa: MAMA ANAPASULIWA NJOO KABLA YA. Hapo nilikuwa nimejaza Jumamosi.

Nimestaafu kwa heshima, na wajukuu wakinisifu siwakatazi; nilistahili. Ila mtu wa Rujewa hakurudi dirishani kwangu, kwa shukrani wala kwa matusi. Jumamosi ile niliiandika mimi, kwa mwandiko mzuri kabisa.