Kiatu cha Kushoto

Fundi cherehani, jirani yetu, hukanyaga mashine kwa mguu mmoja tu, wa kulia. Wa kushoto ni mto wa mbwa wake. Mbwa huyo mzee, mwenye ndevu nyeupe, hulaza kidevu juu ya kiatu tangu asubuhi, na fundi yuko radhi mguu ufe ganzi kuliko kumwamsha. Huongea naye pini zikiwa mdomoni: “Pindo hili unalionaje, mzee mwenzangu?” Ukiingia ghafla hunyamaza, hukohoa, kisha hukuuliza kama umekuja kupimwa.

Nilimpelekea mtoto wa mbwa. “Baba, mbwa wako ana upweke. Ongeza huyu, wazoeane.” Alijikuna shingo, akasema tuwaone kwanza. Nilimweka yule mdogo sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa. Alimng'ata mbwa mzee sikio, kwa utani. Mzee, ambaye tulidhani kazi yake imebaki kulala tu, akainua kidevu, akasimama, akamfuata uani mkia ukicheza. Tukawasikia wakifukuzana. Fundi akatazama kiatu chake, akaanza kushona kwa miguu yote miwili, na mshono ukapinda.

“Mrudishe kwa mama yake,” akasema bila kuinua macho. “Mmoja ananitosha. Wakiwa wawili, mimi nitabaki mpishi wao.”

Nikamrudisha. Siku hizi mbwa mzee hulala mlangoni, pua ameielekeza njia niliyopita na yule mdogo. Fundi hamwiti. Hukanyaga mashine kwa mguu wa kulia, na wa kushoto ameutuliza pale pale, hausogei.