Vichanja Nilivyovikata

Nilikata miguu ya vichanja vyote vya jirani yangu bila shoka wala msumeno, nikiwa nimekaa sebuleni na kikombe cha chai. Na kwa kuwa nilitaka kazi yangu iwe safi, nikafuta hata waya zilizokuwa juu yake. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya fundi aliyebobea, "Mama, sasa zimependeza."

Niliikata kwenye picha tu. Lakini ngoja nieleze, utaona kwamba shoka lingekuwa na huruma zaidi.

Kichanja ni meza ndefu ya miti na wavu wa waya, ya kuanikia ndagala, wale samaki wadogo ambao ng'ambo ya ziwa wanaitwa dagaa. Hapa Rumonge wengi tumekua tukiona ndagala wakianikwa mchangani. Jirani yangu naye alianika mchangani miaka mingi, mpaka akachoka na wanunuzi wanaoshuka kutoka milimani. Mnunuzi wa ndagala hana maneno mengi. Anachota wachache, anawatia mdomoni, anatafuna polepole huku anaangalia pembeni kama mtu anayesikiliza redio. Mchanga ukilia kwenye meno, anatema, anaaga kwa adabu, na anakwenda kwa mwingine. Basi mama huyu akaanza kujenga vichanja vyake kidogo kidogo: mti msimu huu, waya msimu ujao. Mguu mmoja ulipovunjika aliuegemeza kwa kafi kuukuu la mtumbwi, na kafi hilo likabaki hapo moja kwa moja. Vichanja vyake vilikuwa vimepinda kila kimoja upande wake, lakini ndagala zake hazikulia tena kwenye meno ya mtu.

Mimi naishi nyumba ya pili kutoka kwake, na ziwa nalisikia kuliko ninavyoliona. Sipendi jua, sipendi harufu ya ufukweni, na viatu vyangu vinazeeka kwa kukaa. Ndiyo maana yule mama ananiita mwali, kama msichana aliyewekwa ndani akisubiri harusi. Nina ndevu, lakini jina limenikaa.

Binti yake, aliyeolewa Bujumbura, ndiye aliyeanza kumtengenezea tovuti ili wenye maduka wa mbali waone bidhaa na kuagiza. Akaomba picha: ziwe nyepesi zifunguke haraka, upana wake ulingane, na zisiwe na giza. Mama akapiga picha kwa simu yake, akaniletea mimi, kwa sababu nina kompyuta, na kwa sababu niliwahi kusema mbele za watu kwamba nilipomaliza sekondari nilijifunza kutengeneza picha. Nilijifunza, ndiyo. Mafunzo yalikuwa mafupi, na majigambo yangu yakawa marefu.

Nilipozifungua picha zile niliona kazi ninayoiweza. Zilipigwa asubuhi ya mawingu. Chini ya vichanja kulikuwa na kuku, ndoo iliyopasuka na kandambili moja isiyo na mwenzake. Miguu imepinda. Na lile kafi! Nikajisemea, mteja wa kwenye tovuti hawezi kuonyeshwa aibu hii. Nikakata chini, nikakata pembeni, wakabaki ndagala peke yao. Kisha nikaongeza mwanga. Nilipoongeza kidogo, samaki waling'aa. Mkono wa fundi mwenye busara ungesema basi. Wa kwangu ulisema bado. Nikaongeza mpaka wale samaki wakawa kama fedha na wavu wa waya ukayeyuka kwenye weupe, usionekane tena. Mwisho nikapunguza upana na uzito wa picha, na hilo, nataka liandikwe, nililifanya vizuri.

Nilihifadhi kila picha juu ya ile ya asili. Sikutengeneza nakala. Na mama aliposema simu yake imejaa, nilimjibu, "Futa tu, mama, mimi niko nazo."

Tovuti ikafunguliwa. Muda si mrefu mama akanipigia hodi mlangoni, simu iko sikioni, anaongea na mwenye duka mmoja wa Gitega. Mtu huyo alikuwa ameahidi kuchukua magunia yake yote ya msimu, na kama angeridhika, arudi kila msimu. Mama akaweka sauti juu nami nisikie.

"Mama, wewe uliniambia vichanja," sauti ya mtu wa Gitega ilisema. "Mimi naona ndagala iko kwenye muchanga."

"Iko kwenye kichanja, bwana."

"Niko naangalia hapa. Kati ya samaki na samaki iko muchanga. Kichanja iko wapi?"

Nikafungua kompyuta nikaangalia kwa macho yake. Alisema kweli. Mchanga ulikuwa chini kabisa, kuku alikuwa akipita hapo bila kuinama, lakini picha haina kimo. Miguu ndiyo iliyokuwa ikisema samaki wako juu, na waya ndizo zilizokuwa zikisema wamelala juu ya kitu. Mimi nilikuwa nimewafukuza mashahidi wote wawili. Mtoto wa Rumonge, aliyelelewa kwa ndagala, nilikuwa nimewarudisha samaki wa mama wa watu mchangani.

Mama hakunitazama. Akamwambia mtu wa Gitega, taratibu, "Usikasirike, bwana. Ile picha ilitengenezwa na mutoto mudogo wa hapa jirani. Iko anajifunza."

"Aa, mutoto," yule bwana akasema, na sauti yake ikalainika. "Basi nitashuka mwenyewe nione. Lakini unitumie picha ingine kwanza, mama. Nikiona muchanga tena, sishuki."

Alipokata simu nilitamani anitukane. Tusi lingekuwa saizi yangu. Akasema tu, "Rudisha miguu yangu."

Nikabonyeza kurudisha nyuma. Kompyuta haikuwa na cha kurudisha, faili zilishafungwa zamani. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayeamini kwamba kitufe kina masikio. Yeye amesimama mgongoni kwangu, anasubiri.

"Haiwezekani, mama. Nilihifadhi juu ya zile zako."

"Na zangu ulisema nifute."

"Ndiyo."

"Haya. Kesho jua likitoka, utakuja ufukweni."

Nilikwenda. Wanawake waliokuwa wakitandaza ndagala waliponiona mmoja akapiga kigelegele. "Mwali ametoka! Bwana harusi iko wapi?" Mwingine akaniuliza kama nimeleta mwavuli. Na kweli nilikuwa nimeufikiria mwavuli.

Nikasimama nikainamisha simu juu ya samaki. "Chuchumaa," mama akasema. "Ukipiga toka juu, miguu haionekani." Nikachuchumaa. Jua lilikuwa la chini, likapita kati ya waya na kuchora kivuli cha wavu mchangani, mbali kabisa chini ya samaki. Hata kipofu angejua hapo kuna kimo. Nikapiga nyingi. Kandambili niliiacha. Kafi nililiingiza katikati ya picha.

Nyumbani safari hii nilianza kwa kutengeneza nakala, na zile za asili nikaziweka pembeni ambako mkono wangu haufiki kwa bahati mbaya. Nikamwomba mama akae karibu. Kila niliposogeza mwanga, alisema, "Acha." Nikisogeza kidogo tena, "Nimesema uache. Waya inaanza kupotea." Nilikata ukingo mdogo tu, anga lililozidi. Picha zilitoka za kawaida, na kila kitu kilionekana kilipo.

Mtu wa Gitega akashuka. Nilikuwa ufukweni, kwa hiari yangu, jambo ambalo liliwapa wale wanawake maneno. Alikuwa mzee mnene, mpole, na mkononi alishika pakiti ya biskuti.

"Amahoro, mama. Iko wapi ule mutoto wa picha? Nimemuletea kitu. Safari ya pili alifanya vizuri."

Wanawake wakaziba midomo kwa viganja, wakibana kicheko. Mama akainamia samaki wake. Hapo ndipo nilipoelewa alikuwa ameweka nini rehani kwa ajili yangu. Mtu anayebainika kusema uongo kuhusu mtoto, nani ataamini neno lake kuhusu mchanga? Angeweza kuyakosa magunia yote kwa sababu alinisitiri.

"Mutoto ni mimi," nikasema.

Akanitazama ndevu. Akamtazama mama.

"Alinifichia aibu tu, mzee. Ndagala zake hazijagusa mchanga. Mimi ndiye niliyezishusha, na kompyuta."

Mzee akachota ndagala kichanja cha kwanza, akatia mdomoni, akatafuna huku anaangalia ziwani. Akaenda cha pili, kile cha kafi, akatafuna tena. Nilisikia meno yake na mawimbi, basi. Nikagundua kwamba na mimi natafuna, mdomo mtupu.

Akameza. "Ndagala iko safi," akasema. "Funga magunia." Halafu akanikabidhi pakiti ya biskuti kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na wale wanawake wakaangua kicheko kilichofika kwenye mitumbwi.

Nilibaki nimeishika, sijui niiweke wapi. Mama alikuwa ameshaanza kujaza gunia la kwanza, na alisema bila kuinua kichwa:

"Kula biskuti yako, mwali, na siku ingine ukiona kitu yangu iko mubaya, uniulize mbele ya kukata."