Buti za Ntandu

Siku Waingereza walipokuja kutuandikisha jeshini, mimi na mdogo wangu Ntandu tulikuwa tunapura uwele nyumbani kwetu Mandewa. Tulipogawiwa buti, Ntandu alicheka. Alikuwa amechunga ng'ombe peku tangu utoto, na nyayo zake zilikuwa ngumu kuliko soli za Mwingereza.

Kule Burma tulikaa handaki moja na Kijanga, jirani yetu wa nyumbani. Adui alivaa viatu vya mpira visivyo na mlio, kwa hiyo amri ikawa fupi: ukisikia buti ni mwenzako, ukisikia hatua laini piga.

Asubuhi moja ya ukungu Ntandu alikuwa anarudi kutoka doria. Buti zilikuwa zimemchubua. Akazivua, akazining'iniza shingoni, akaja kwa mwendo wake wa nyuma ya ng'ombe.

Kijanga alikuwa zamu.

Nilisikia risasi moja.

Tulimzika kabla ya chai. Sikulia. Nilikunywa chai yangu, nikaomba nyingine. Nilitaka kumchukia Kijanga, nikakosa hata nguvu ya kuanza.

Vita vilipoisha nilimweleza mama yote. Baada ya mavuno Kijanga akaja na kondoo, maana kwetu aliyeua hali chakula pamoja na wafiwa mpaka kondoo achinjwe na ini liliwe na wote. Kama mama angekataa kulila, Kijanga angelazimika kuhama. Kwapani alikuwa na buti za Ntandu.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. "Ulimsikia akija?"

"Nilisikia miguu mitupu, mama. Nikajua ni adui."

"Mwanangu hakuwa na mwendo mwingine."

Kijanga aliinama, machozi yakimtiririka. Mama akaagiza kondoo achinjwe. Akala ini, akamkatia Kijanga, akanikatia na mimi. Nikatafuna, sikusikia ladha yoyote.

Halafu akazisukuma zile buti miguuni kwa Kijanga.

"Vaa. Kila ukija hapa uje nazo, nikusikie." Kisha akaitikia: "Marahaba."

Kijanga alimlimia mama kila msimu, amezivaa, mpaka mama alipofariki. Watu husema familia yetu ilisamehe. Aliyesamehe ni mama. Mimi nilikuwa nikisikia buti zinakuja, najua ni mwenzetu, najua si Ntandu, naendelea kupura uwele.