Jiwe la Visigino

Mama yangu alikuwa na vita na visigino. Kila Jumamosi jioni alitupanga sisi mabinti wanne kwenye ngazi ya jikoni, beseni la maji moto mbele yetu, akashika jiwe lake jeusi lenye vitundu na kutusugua mmoja mmoja mpaka tukapiga kelele. "Hamtaingia nyumba ya Mungu na miguu ya shamba," alisema. Asubuhi, kabla hatujatoka, alipitisha kiganja kwenye kila kisigino. Aliyekwaruza alirudishwa kwenye beseni, Misa ianze isianze.

Siku niliyoondoka Nakuru kuja Qatar, alinitilia jiwe hilo kwenye begi, amelifunga kwa leso. Nilimwambia huku nako kuna maduka. Akasema maduka hayajui miguu yangu.

Alifariki nikiwa kwenye mkataba wa kwanza, na likizo yangu haikuwa imefika. Mimi ndiye kifungua mimba. Padri akishamaliza, mimi ndiye niliyetakiwa kuwa wa kwanza kutia udongo kaburini. Badala yake nilitazama mazishi kwenye simu, nimejifungia chumba cha kufulia, mashine inazunguka mgongoni kwangu. Mdogo wangu aliinama kuchota udongo, mtandao ukakatika. Uliporudi, watu walikuwa wamepanga foleni ya chakula.

Tangu siku hiyo sikulitumia lile jiwe. Niliogopa kulimaliza. Visigino vyangu vilipasuka nikavificha kwa soksi, na jiwe likakaa ndani ya leso chini ya nguo zangu. Mtu akiniuliza mama yangu alizikwa lini, nilitaja tarehe, lakini moyoni nilijua kwamba mimi bado sijamzika.

Mkataba wa pili uliniweka kwa mwalimu mmoja wa kutoka Ireland, mwanamke wa miaka sitini hivi, hana mume na hataki kuulizwa. Aliishi Al Thumama, kwenye nyumba ambayo ndege zikishuka vikombe vinatetemeka kabatini. Alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Lakini wema si maongezi. Alirudi kutoka shuleni, akala, akasahihisha madaftari, akalala. Nami niliosha sahani moja, kisha nikaosha ya kwangu. Ukimya wa nyumba ile ulinichosha kuliko kazi.

Kiangazi kimoja alibandika karatasi kwenye friji. Ilikuwa ratiba ya likizo ya kutembea, siku sita, wanawake peke yao, na mwanamke mwenzao wa kuwaongoza. Wangefuata njia ambazo mahujaji wa Ireland wamezipita tangu zamani: magofu ya nyumba za watawa, kisima kitakatifu, na siku ya mwisho mlima. Mizigo ingebebwa na gari. Nilimuuliza mbona wanaume hawatakiwi.

"Wanakimbilia kileleni," alisema. "Halafu wanakusubiri huko juu wakitazama saa."

Nilimpigia rafiki yangu, Mkenya mwenzangu ambaye ni mlinzi kwenye jengo moja la West Bay, nikamsimulia. Alicheka hadi akakohoa. "Manze, mtu analipa atembee? Waambie wakuje hapa niwapatie shift yangu. Masaa kumi na mbili kwa miguu, na view ya bahari!"

Nilicheka pia, lakini si sana. Mimi na Mama tulikwenda kuhiji Subukia, tukapanda kwa rozari mpaka kwenye chemchemi, tukarudi na maji kwenye chupa. Nilijua kwamba kuna mambo ambayo miguu huyasema vizuri kuliko mdomo. Kilichonichoma ni mstari mmoja wa ile ratiba: kila asubuhi, saa nzima ya kutembea bila kusema neno. Watu wazima wanapanda ndege kufuata kimya! Mimi nilikuwa nacho pale jikoni, cha kugawa na kusaza.

Juma moja kabla hajaondoka kwenda huko, madam wangu alikuja jikoni na kijiwe alichookota kwenye maua ya getini. Aliniambia kwamba kileleni kuna rundo la mawe ambalo mahujaji hulizunguka mara saba wakisali, na kwamba kila mwanamke wa kundi lao angebeba jiwe kwa ajili ya mtu wake aliyefariki, aliache pale. La kwake lilikuwa la dada yake.

"Na wewe," alisema, "kama una mtu, nipe jiwe lake. Nitakubebea."

Siku tatu nilizunguka na swali lile. Ningeweza kuokota kokoto lolote, lakini kokoto la Doha lilimjua mama yangu wapi? Na lile moja lililomjua ndilo kitu pekee cha mkono wake nilichokuwa nacho. Mwishowe niliona kwamba nikilishikilia nitabaki na maiti isiyozikwa miaka yote. Nilililowesha, nikalikausha, nikalifunga kwenye leso ileile. Nilimwambia, "Ni la mama yangu. Liweke juu kabisa." Sikumwambia ni jiwe la nini. Niliona haya.

Alipoondoka, nyumba ilibaki yangu na viyoyozi. Joto la Julai halikuruhusu mtu kutoka, na siku zingine ilifika jioni sijatoa sauti hata moja. Nilijaribu kumsemesha mama kwa sauti, nikajiogopa. Kila asubuhi nilisoma karatasi ya friji: leo wako kwenye magofu, leo wako kisimani. Siku ya sita, saa niliyokadiria kwamba wamefika kileleni, nilitoka uani na jua lote lile, nikachota udongo kwenye chungu cha maua na kuutupa kwenye kona ya ukuta. Nikasema, "Mama, lala salama." Nililia kidogo. Usiku ule nililala vizuri, mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Madam alirudi pua imebabuka kwa jua. Hata begi hakufungua. Aliketi mezani, akaweka leso yangu mbele yangu, na ndani yake jiwe.

"Hukuliweka?"

Alieleza akiangalia mikono yake. Siku ya tano mvua iliwanyea, begi lake la mgongoni likaingia matope, akalitoa jiwe kulisuuza na kuliacha bafuni kwenye nyumba ya wageni. Mwanamke aliyelala naye chumba kimoja alikuwa na visigino vilivyopasuka. Aliliona akalitambua mara moja kwamba ni la miguu, akalitumia bila kuuliza. Akamwita mwenzake. Madam aliporudi kutoka kwenye chakula aliwakuta wanawake sita kwenye benchi la jikoni, beseni la maji moto miguuni, wanapokezana jiwe na kupiga kelele. Kesho yake walikuwa wanapanda mlima, na wengine walitaka kupanda pekupeku kama mahujaji wa zamani.

"Nilikasirika," alisema. "Halafu nami nikavua soksi. Kule juu nilizunguka mara saba nimelishika, nikashindwa kuliacha. Nisamehe."

Sikumsamehe. Nilichukua leso nikaenda chumbani, nikafunga mlango kwa nguvu ambayo mfanyakazi hafungi nayo mlango wa mwajiri. Nilikuwa nimemzika mama yangu kwa udongo wa chungu cha maua, kumbe bure. Na jiwe lake limesugua miguu ya wazungu saba nisiowajua! Siku mbili nilimpikia bila kumwangalia usoni.

Siku ya tatu, nikipiga pasi, nililiona akilini lile benchi la wale wanawake. Beseni, maji moto, wanawake wamepangwa, makelele, na kesho yake wanakwenda kusali. Nilizima pasi nikaketi chini. Mama asingeliacha jiwe lile mlimani hata kwa fimbo. Angeuliza ni nani kati yao bado anakwaruza.

Hapa Doha, Jumapili yetu ya kanisa ni Ijumaa. Basi Alhamisi jioni nilijaza beseni maji moto, nikabisha mlango wa madam, nikamwambia nina kazi bafuni ila mlango uko wazi. Alikuja akaketi juu ya kikapu cha nguo. Nilivua soksi. Aliona visigino vyangu akashika mdomo.

Nilisugua. Jiwe liliuma vilevile lilivyouma nilipokuwa na miaka saba, na nililia kwa sauti kubwa, kilio cha msibani, nyumba nzima ikasikia, ingawa nyumba nzima ilikuwa mtu mmoja. Nilipomaliza nilijifuta, nikapitisha kiganja kwenye kisigino cha kulia. Kiko sawa. Nikapitisha kwenye cha kushoto.

Kilikwaruza. Nikajirudisha kwenye beseni.