Boriti Iliyopokonywa Nguzo

Nakumbuka siku moja pale Kangeta, mwanangu, niliposimama chini ya boriti ya chuma nikaogopa hata kukohoa.

Nilikuwa kijana, nimekodi chumba cha chini cha kufungia miraa. Mwenye nyumba, Mzee M'Ikiara, alikuwa ameng'oa nguzo ya katikati ili pikapu zirudi nyuma hadi ndani, maana miraa haingoji. Ikinyauka, unauza kuni. Boriti iliyobeba sakafu ya juu, iliyokuwa ikipumzika kila futi kumi, sasa ilivuka futi ishirini bila egemeo.

Jumamosi hiyo akina mama wa kanisa walikutana juu. Mama yako alikuwemo, nawe tumboni. Walipoanza kuimba na kucheza, mlango wangu ulikwama. Nikatazama juu. Boriti ilikuwa imebonyea kama kamba ya nguo, plasta ikidondoka juu ya miraa.

Mteja wangu, injinia mzee, akaweka chini kitita alichokuwa akikagua.

"Nguzo iko wapi?"

"Chuma ni chuma," akajibu M'Ikiara, aliyekuwa amekuja kuchukua kodi. "Imekaa wiki nzima."

"Imekaa kwa sababu hakuna aliyecheza juu yake. Ukizidisha urefu mara mbili, mzigo ule ule wa kila futi unaikunja mara nne. Kubonyea ni mara kumi na sita. Nani alikupigia hesabu?" Akanigeukia. "Kijana, washushe. Usipige kelele. Wakikimbia pamoja, tumewazika."

Nilipanda. Nikawaambia waache kucheza, washuke mmoja mmoja, nawalipia picha uani. Mama yako akanitazama, akajua kuna hatari. Mimi sijawahi kumlipia mtu picha. Mwenda pole hajikwai: alisimama mlangoni akiwapunguza mwendo wenzake, akashuka wa mwisho, mkono ukutani, chuma kikilia.

Hakuna kilichoanguka. Lakini sakafu ilikuwa tupu, na boriti haikunyooka tena. Hilo ndilo hunitisha hadi leo.

Sasa wewe, pale Kinoru, unataka kuondoa nguzo upate duka pana. Ng'ang'ania bei ya saruji, mwanangu, ya hesabu ya injinia usiing'ang'anie. Akuambie boriti hiyo inavuka umbali gani, ikiwa na watu wangapi juu, na itabonyea kiasi gani. Kisha mwambie apige hesabu tena. Akisema nguzo ibaki, ibaki.

Murungu akujalie nyumba ambayo watu watacheza juu yake, nawe chini ulale usingizi.